Siku Baba Mkubwa Alipoingia Kwenye Usaili

Mwezi uliopita waliniaga. Kulikuwa na pilau, keki, hotuba ndefu za watu ambao nikiwa kazini walikuwa wakinikwepa koridoni, na mwisho nikakabidhiwa zawadi ya saa ya ukutani. Mtu anastaafu, hana kipindi cha kuwahi, hana kengele ya kumwamsha, ndipo mnampa saa. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Buzuruga. Inafanya kazi vizuri sana, nashukuru.

Kabla sijaondoka, mwalimu wa taaluma wa sasa, kijana mwenye suruali ya kubana na nia njema, alinifuata na ombi. "Madam Adelina, tuandikie mwongozo wa kuwaandaa wanafunzi kwa usaili wa vyuo vikuu. Kurasa mbili tatu tu, kwa vidoti." Vidoti! Nimekaa na watoto wa kidato cha sita tangu yeye anaota meno, nimewaona wakizimia, wakitapika, wakiimba wimbo wa taifa bila kuombwa, halafu anataka vidoti. Sina vidoti, mwanangu. Nina haya hapa, na utayasoma yote kwa sababu mkuu wa shule atakuuliza.

Habari za kupandishwa daraja na mshahara sitaziandika. Hazina la kumfundisha mtu isipokuwa uvumilivu, na huo mtaupata wenyewe bila msaada wangu.

Kazi hii sikuiomba. Niliajiriwa kufundisha Historia. Wiki yangu ya kwanza, kwenye kikao cha walimu, niliuliza maswali mawili juu ya ratiba. Mkuu wa shule wa wakati huo akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Wewe mwalimu mpya unapenda sana kuuliza. Utakwenda kwa Jethwa." Wenzangu wakacheka. Nikadhani Jethwa ni adhabu. Kumbe alikuwa mwalimu wa Fizikia, mzee wa Kihindi mwembamba, mzaliwa wa Mwanza, ambaye nduguze wote walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye aliikimbia kaunta akaenda kushika chaki, na ndugu zake walimwonea huruma mpaka anazeeka. Alikijua Kisukuma kuliko mimi Mkerewe, na alipokasirika alikitumia hicho.

Wakati ule vyuo vichache tu ndivyo vilivyoita watu kwa usaili. Wengi waliingia kwa alama zao, wakapangiwa, basi. Lakini zile nafasi zenye udhamini, za kusoma nje au kwenye vyuo vyenye wafadhili, zote zilikuwa na watu watatu nyuma ya meza wanaotaka kumsikia mtoto akizungumza. Na mtoto wetu, ambaye tumemfundisha miaka kumi na mitatu kwamba mtoto mzuri ni yule anayenyamaza, ndiye huyo sasa tunamwambia azungumze, tena ajisifu, tena kwa Kiingereza. Halafu tunashangaa anatokwa jasho.

Jethwa alikuwa na vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa kengele ya kaunta, ile unayoigonga kwa kiganja ili muuza duka atoke nyuma. Aliichukua dukani kwa kaka zake, sijui kama waliijua safari yake. Mwanafunzi alikuwa anaulizwa swali, anajibu, na kila akisema sentensi ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kuisema, Jethwa anagonga: ting! "Tangu utotoni nilipenda sayansi." Ting. "Nataka kuisaidia jamii yangu." Ting. "Elimu ni..." Ting, hata kabla hajamaliza. Wapo waliolia. Jethwa aliwapa leso na kuendelea kugonga.

Kifaa cha pili kilikuwa kiti kibovu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na ukikaa kinakuyumbisha upande huu na upande ule. Mwanafunzi hakuambiwa kitu. Aliyeinuka na kusema, "Mwalimu, naomba kiti kingine, hiki kibovu," Jethwa alimwandikia alama papo hapo. Wengi hawakuinuka. Walikaa wakiyumba nusu saa nzima kama wako kwenye mtumbwi, kwa heshima, huku wakituambia kwamba wao ni viongozi wa kuzaliwa.

Jethwa alipostaafu aliniachia vyote viwili na onyo moja: nisiwe na huruma kwenye mazoezi. Nilimtii. Kuna walionipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Miaka ikaenda, na wenye akili za biashara wakatuona. Mjini kikafunguliwa kituo cha kuandaa watu kwa usaili, kina bango kubwa na picha ya kijana wa kizungu amevaa joho. Watoto walilipa, wakapewa majibu, wakayakariri. Nilijuaje? Kwa sababu mwaka ule kila aliyekuja kwangu kufanya mazoezi ya kusomea udaktari alikuwa na bibi aliyefia mikononi mwake. Mvulana wa Usagara, bibi alimfia mikononi. Binti wa Igoma, bibi alimfia mikononi. Nikaanza kuwahofia mabibi wa Mkoa wa Mwanza. Yule mvulana wa Usagara alilia kabisa akisimulia, machozi ya kweli, nami nusura nimpe leso. Jumamosi ya kutembelewa nikamkuta chini ya kivuli cha bweni na mwanamke mzee mwenye kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, naye mzima kuliko mimi. "Madam, huyu ni bibi," akasema kwa sauti ya mtu anayezama. Nikamwamkia marehemu shikamoo, akaitika marahaba, tukala michembe.

Siku hizi hamhitaji hata kituo. Simu inawaandikia. Inaandika vizuri sana, haina kosa hata moja, na hakuna mtu ndani yake. Juzi juzi kabla sijaondoka, wasichana wawili waliniletea maelezo yao binafsi na wote wawili tangu utotoni walikuwa na "shauku isiyo kifani". Kengele niliigonga mpaka kiganja kikauma.

Mambo madogo madogo niyataje hapa, vijana, maana ndiyo mtakayoyasahau. Kompyuta iwekwe juu ya vitabu mpaka kamera ifike usawa wa macho, la sivyo mtoto anaonekana pua tupu. Lile koti la shule la kahawia, ambalo kila mvulana wetu amelivaa kwenye usaili tangu enzi za Jethwa, lifuliwe. Wasaili wengine ni walewale kila mwaka na nina hakika wanalifahamu kuliko wanavyofahamu sura zenu. Jenereta liwe na mafuta. Na mtu mmoja, mtu mzima mwenye cheo, apewe kazi ya kuwafukuza majogoo wa mpishi, wanaowika dirishani.

Sasa nije kwa Minza, maana yeye ndiye sababu ya mimi kukataa vidoti.

Minza Maduhu alitoka ng'ambo, vijijini kwa Sengerema, binti wa mfugaji. Alikuja kwangu miaka michache iliyopita, ameshamaliza mtihani, alama zake nzuri, anataka kusomea udaktari wa mifugo. Chuo kimoja kilikuwa na nafasi moja ya udhamini kamili kwa kanda yetu, nacho kilimwita kwa usaili wa kompyuta, utakaofanyika hapo shuleni. Nafasi ilikuwa hiyo hiyo moja. Kwao hapakuwa na ada; ng'ombe ambao wangekuwa ada walikuwa wamekwisha. Asipoipata, anarudi nyumbani, na binti wa umri wake akikaa nyumbani kule, mwaka hauishi wageni hawajaja kuuliza habari zake. Hilo aliniambia mwenyewe, amepiga magoti kunisalimia, na nilipomwambia ainuke akainuka nusu.

Nikampa kile kiti. Akayumba. Siku ya kwanza akayumba, siku ya pili akayumba, siku ya tatu nikashindwa, nikamuuliza, "Minza, hicho kiti unakionaje?" Akasema, "Ni kizuri, madam." Nikagonga kengele.

Na majibu yake yalikuwa hivyo hivyo. Umewahi kuongoza kitu? "Hapana, madam." Kumbe alikuwa kiranja wa bweni. Una kipaji gani? "Sina, madam." Alikuwa wa kwanza Biolojia mkoa mzima. Huyu hakuwa muongo kama wa Usagara. Huyu kwao kujisemea wema mbele ya wakubwa ni sawa na kuvua nguo sokoni, na mimi nilikuwa namlazimisha avue kila siku saa tisa mchana.

Lakini palipotushinda hasa ni swali moja ambalo vyuo hivi vinalipenda kama nini: tueleze siku ulipotofautiana na mtu aliyekuzidi umri au cheo. Minza alinitazama kama nimemuuliza siku aliyoiba sadaka. "Sijawahi, madam." Ting. "Kweli sijawahi." Ting. Tuliendelea hivyo wiki nzima. Siku moja nikiwa nimechoka, nimefungua kinywa nimwambie aende akapumzike, akainuka, akakisukuma kile kiti pembeni, akavuta kingine, akakaa. Kisha akaanza kusema huku anatazama sakafu.

Baba yake mkubwa, Mzee Ngusa, alinunua dume mnadani. Dume zuri, refu, la kuonyesha watu. Minza, aliyekuwa kidato cha pili, alilichunga jioni ile akaliona linakohoa, shingo limeinyoosha, linapumua kwa shida. Shuleni bwana mifugo alikuwa amewafundisha kwamba ng'ombe mgeni atengwe kwanza. Akamwambia baba mkubwa: tulifunge peke yake mpaka bwana mifugo alione. Mzee Ngusa akasema dume lake si mfungwa, akaliingiza zizini pamoja na ng'ombe wa mdogo wake, yaani baba yake Minza. Ilikuwa homa ya mapafu. Zizi likaisha.

"Na baba alisemaje?" nikauliza.

"Baba hajui, madam. Baba mkubwa alisema ni jirani, Mzee Nkwabi, ametufanyia kwa husuda. Baba akaamini. Mpaka leo hawaamkiani. Hata kwenye msiba wa mama yake Mzee Nkwabi baba hakukanyaga."

Sikugonga. Kwa mara ya kwanza tangu nirithi kengele ile, niliisogeza mbali na mkono wangu. Nikamwambia hiyo ndiyo hadithi yake, wasaili wako mbali, baba yake hatasikia, na ataisema kwa Kiingereza. Tukaifanyia mazoezi. Akawa anaisema vizuri, bila machozi ya kununua. Nikalala usingizi mzuri wiki ile, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Asubuhi ya usaili nilifika shuleni mapema na kukuta ujumbe wa heshima umekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mzee mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo. Pembeni yake mwanaume mfupi, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Miguuni mwao kuku wawili wamefungwa. Minza amesimama nyuma yao, uso umemshuka.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba mwalimu," akajibu mwenye pama. "Mimi ni Ngusa. Huyu ni mdogo wangu, Maduhu, baba wa mtoto. Tumekuja kwa ajili ya ile shughuli."

Niwaeleze, maana nyie wa mjini hamjui. Minza alikuwa amempigia baba yake simu akamwambia, kuna wazee wa chuo wataniuliza maswali waone kama wanichukue. Sasa msikilizeni baba wa kule. Kuna watu wanataka kumchukua binti yake, na watauliza maswali. Mtu mwenye akili timamu anafanya nini? Anamtafuta msemaji. Kwao posa, kesi ya mpaka wa shamba, suluhu ya ugomvi, mtu haendi peke yake na hajisemei. Anatanguliwa na mwenye ulimi. Na ukoo mzima hakuna mwenye ulimi kumshinda Mzee Ngusa. Mabinti wote wa ukoo amewaozesha yeye.

Nikajaribu. "Wazee, usaili huu ni wa mtoto peke yake."

Mzee Ngusa akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, una binti?"

"Ninaye."

"Alipoposwa alijisemea?"

"Hakujisemea, lakini hii si posa."

"Wanamchukua au hawamchukui?"

Nikakimbilia kwa mkuu wa shule. Mkuu yule, Mungu ambariki, alikuwa shujaa mbele ya wanafunzi na maji mbele ya wazazi. Akatoka, akawaona kuku, akasema wazee wakae tu, ila nyuma, kamera isiwaone. Nikamvuta Minza pembeni. Nikamnong'oneza, "Usijali. Ni Kiingereza. Hawatasikia kitu." Akaitikia kwa kichwa.

Chumba kilikuwa kile cha kona chenye dirisha linalotazama mawe na ziwa. Nje juu ya jiwe alisimama korongo mmoja, kipara, mabega juu, anatutazama kama msaili wa nne. Wazee nikawapanga ukutani, kuku wao miguuni. Nikageuka kuwasha kompyuta, nikageuka tena, Mzee Ngusa ameshavuta kiti chake mpaka ubavuni kwa Minza, na nusu ya pama imo kwenye picha.

Wasaili walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa profesa, mama mmoja mwenye sauti ya upole, mtu wa adabu sana, kwa bahati mbaya. Alianza kwa Kiingereza kama tulivyopanga. Halafu akasita. "Naona kama kuna mzee hapo pembeni?"

Pama ikasogea, uso ukaingia.

"Shikamoo baba," akasema profesa.

"Marahaba mwanangu! Poleni na kazi."

"Asante baba. Karibuni sana." Akawageukia wenzake. "Jamani, kuna wazee. Si vizuri tuzungumze lugha wasiyoisikia mbele ya mtoto wao. Tuendelee kwa Kiswahili."

Nimekutana na wasaili wakorofi, wenye dharau, mmoja alikuwa anakula karanga muda wote. Hakuna aliyewahi kunitenda kama yule mama na malezi yake mazuri.

Swali la kwanza, kwa nini udaktari wa mifugo. Minza akavuta pumzi, na Mzee Ngusa akajibu. Alianza na babu yao, akaja na mifugo ya babu yao, akapita njaa fulani, akafika kwa Minza. "Binti yetu ni mchapakazi. Hana makuu. Ugali wake haujawahi kuwa na madonge." Msaili mmoja akainamisha uso, mabega yanacheka. Profesa akasema kwa adabu, "Ahsante baba, tumemwelewa. Sasa tungependa kumsikia binti."

Kisha akauliza lile swali.

"Minza, tueleze siku uliyotofautiana na mtu aliyekuzidi umri."

"Haijawahi kutokea," akasema Mzee Ngusa. "Huyu amelelewa."

"Baba, naomba binti ajibu. Minza, kama hakuna, sema tu hakuna, tuendelee na lingine."

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nje ya picha, na Minza alikuwa ameshafunguliwa mlango wa kutokea: sema hakuna. Ukisema hakuna, unafanana na wote waliotangulia, na nafasi ile inakwenda kwa mwingine. Ukisema ipo, baba yako amekaa hatua chache nyuma yako. Nawaambia ukweli wangu. Mimi niliyegonga kengele miaka yote ile nilimwomba Mungu amtie uongo mdomoni. Niliogopa. Nilitamani hata jogoo wa mpishi aingie.

Minza akatoweka kwenye kiti.

Kwenye kompyuta kulibaki kiti kitupu na pama. "Haloo?" akasema profesa. "Mwanza, mmekatika?" Hatukukatika. Minza alikuwa chini sakafuni, amepiga magoti mbele ya baba yake mkubwa, kamera haimfikii. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa, naomba niseme habari ya dume."

Mkono wa Mzee Ngusa ulioshika fimbo uliteleza chini kidogo. Akageuza kichwa akatazama dirishani, alipo korongo. Minza akangoja. Alingoja kwa magoti, kama alivyofundishwa, na jibu halikuja. Akainuka, akakaa.

"Ulikwenda wapi, Minza?" akauliza profesa.

"Nilikuwa naomba ruhusa ya kusema."

"Umepewa?"

"Bado."

Akasema. Dume, kikohozi, shingo, bwana mifugo, zizi. Hakusema kwa hasira na hakupamba. Hakumtaja mtu jina. Alisema "mkubwa mmoja wa nyumbani". Habari ya Mzee Nkwabi hakuigusa kabisa. Lakini baba yake alikuwa anajua dume lilikuwa la nani. Niligeuka nikamtazama. Bwana Maduhu alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anautazama mgongo wa kaka yake.

Na profesa, aliyelelewa vizuri mpaka mwisho, akauliza, "Baba, una la kuongeza?"

Nilitaka kuichomoa ile kompyuta ukutani.

Mzee Ngusa alivua pama. Bila pama alikuwa mzee zaidi, kichwa cheupe, mashavu yameingia. Mtu aliyekwisha maliza posa ngapi sijui, leo anatafuta neno.

"Binti amepunguza," akasema.

"Amepunguza nini, baba?"

"Hajasema kwamba nilimpiga kofi. Mbele ya wenzake. Alisema lile dume linaumwa, nikampiga kofi, nikaliingiza zizini." Akaiweka pama mapajani. "Na habari ya jirani yetu Nkwabi, kwamba alituroga. Niliitunga mimi. Nkwabi hakufanya kitu."

Yule msaili aliyecheka ugali alikuwa ameacha kuandika. Profesa akasema taratibu, "Ahsante baba." Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akamrudia Minza. "Nikuulize la mwisho. Ukiwa daktari, mfugaji akakukatalia kama ulivyokataliwa siku ile, utafanyaje?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi.

"Nitarudi kesho yake," akasema Minza. "Siku ile sikurudi. Nilisema mara moja, nikapigwa, nikanyamaza. Ng'ombe walikaa siku nyingi kabla hawajaanza kufa. Ningesema tena, pengine kwa baba, wangepona wengine. Kwa hiyo nitarudi, na nikifukuzwa nitarudi tena."

Sikuwa nimemfundisha hilo. Nimekaa na watoto wengi mbele ya ile kengele na sijawahi kusikia jibu kama lile, wala sidhani kama simu yenu italiandika.

Nafasi aliipata, niwaondolee wasiwasi. Ujumbe ulikuja baada ya wiki kadhaa, nami nilipiga kelele ofisini mpaka mhasibu akadhani kuna nyoka. Sasa hivi ninapoandika yuko mwaka wa mwisho, na likizo anapita kijijini na buti za mpira, anawachosha wafugaji wa kwao kwa kurudi kila siku.

Lakini asubuhi ile hatukuwa tumejua lolote kati ya hayo. Kompyuta ilizimwa. Minza alikuwa analia bila sauti, Mzee Ngusa ameishika pama yake mapajani, anaizungusha ukingo. Nikaanza kukusanya vile vitabu vya chini ya kompyuta kama mtu mwenye haraka.

Bwana Maduhu akainuka. Tangu afike hakuwa amesema neno moja zaidi ya marahaba. Alimfuata binti yake, akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kivuko cha mchana kinaondoka saa ngapi?"

"Saa nane, mzee. Lakini mle kwanza, chakula kipo."

"Tutakula ng'ambo." Akainama akawachukua kuku wawili waliokuwa zawadi yangu, akaniomba radhi kwa macho, nami nikaelewa wanakokwenda. Akasimama mbele ya kaka yake mpaka yule mzee alipoinua uso.

"Kaka, vaa kofia twende," akasema. "Kwa Nkwabi leo hodi utapiga wewe."